Ndoo ya Mchanga Mlangoni

Tuchukue jengo la ofisi lenye sakafu tatu na watu wapatao tisini. Wavutaji sigara ni kumi na mmoja. Mlango wa mbele ni mmoja, wa mbawa mbili za kioo, na juu yake paa la zege limechomoza mita mbili na nusu na kufanya kibaraza. Hatua mbili kutoka mlangoni, chini ya paa hilo, iko ndoo ya chuma iliyojazwa mchanga. Hakuna anayekumbuka nani aliiweka. Ukiingia tu, upo mapokezi: chumba cha mita 8 kwa 5, dari mita 3. Karani wa mapokezi ana pumu, na meza yake iko mita nne kutoka mlangoni.

Karani analalamika kwamba moshi humfikia mezani kila saa nne asubuhi na kila baada ya chakula cha mchana. Wavutaji wanajibu kwamba wao wanavutia nje, kama walivyoagizwa. Msimamizi wa jengo anashuka mara mbili kuangalia, hakuti moshi wowote, anahitimisha kwamba karani ana pua kali. Miezi mitatu baadaye kuna watu wanaopita mapokezi bila kusalimia.

Hapa kila mmoja anasema kweli. Wavutaji wako nje kweli, moshi uko ndani kweli. Hata msimamizi hakudanganya, ila alishuka saa tano na nusu, wakati ndoo haina mtu. Ugomvi ulianza pale kila upande ulipodhani kwamba kwa kuwa wenyewe unasema kweli, basi mwenzake anasema uongo.

Jengo nalo huvuta

Sigara moja humaliza dakika tano hadi saba. Katika muda huo mvutaji huvuta mikupuo kumi hivi, kila mmoja sekunde mbili au zaidi kidogo. Muda wote uliobaki sigara inafuka yenyewe katikati ya vidole. Moshi huo wa kando, unaotoka kwenye ncha inayofuka, ndio sehemu kubwa ya moshi unaomfikia jirani, kadiri ya asilimia 85. Unaotoka kinywani mwa mvutaji ni sehemu ndogo. Tena moshi wa kando haukupita kwenye kichungi, na kwa kuwa tumbaku isipovutwa huungua kwa joto la chini zaidi, haiungui ikaisha vizuri. Gramu kwa gramu, moshi wake una sumu zaidi.

Kwa hiyo yule mvutaji mstaarabu anayegeuza uso pembeni kila anapotoa moshi anastahili shukrani, lakini anashughulikia sehemu ndogo. Mkono ulioshika sigara, ambao mara nyingi huachwa uning'inie upande wa jirani, ndio wenye kazi kubwa.

Sasa moshi huo unaingiaje ndani wakati mlango umefungwa? Jengo letu lina vyoo katika kila sakafu, na kila choo kina feni ya kutolea hewa. Jiko dogo la chai nalo lina feni yake. Feni hizi zinasukuma hewa nje mchana kutwa, na hewa inayotoka lazima ifidiwe na nyingine. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi. Njia iliyobaki ni mlango wa mbele: nyufa kati ya mbawa mbili, nafasi ya chini, na kila mara mtu anapoingia au kutoka. Mlango umegeuka pua ya jengo, na ndoo imewekwa chini ya pua. Juu ya hayo, paa la kibaraza linazuia moshi wenye joto usipande. Unatambaa chini ya zege ukitafuta pa kutokea, na pa karibu ni mlangoni. Siku ambazo ndani kuna joto kuliko nje, ngazi nazo zinafanya kazi ya bomba la moshi: hewa ya moto inapanda hadi sakafu ya juu, na mlango wa chini unanyonya zaidi.

Jambo hili halihitaji kubishaniwa, kwa maana lina kipimo kisichogharimu kitu. Chukua ukanda wa karatasi laini wenye urefu wa sentimita 30. Fungua ubawa mmoja wa mlango upana wa vidole viwili, shika ukanda juu ya uwazi huo, utulie sekunde kumi. Ukanda ukiinamia ndani, jengo linanyonya. Zima feni za vyooni na jikoni, ngoja dakika tano, rudia. Ukanda ukilegea, umempata mhalifu. Kisha washa kijiti kimoja cha udi pale ilipo ndoo, mtu mmoja akae kwenye meza ya mapokezi na saa, mwingine aingie na kutoka mlangoni kama wafanyavyo wageni. Andika udi unanusika baada ya muda gani. Fanya hivyo asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa sababu upepo wa asubuhi si wa jioni. Mwenye pumu asifanywe kipimo. Moshi wa udi ni moshi vilevile.

Kwa anayependa hesabu, sigara moja hutoa takriban miligramu 10 za chembechembe laini, zile zenye upana usiozidi maikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Mapokezi yetu yana mita za ujazo 120. Tukikadiria kwamba sehemu moja tu kati ya kumi ya moshi wa ndoo inaingia, kila sigara inaongeza maikrogramu 8 hivi katika kila mita ya ujazo. Wavutaji watatu wakiwasha pamoja saa nne, ni 25. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, linataka wastani wa saa 24 usizidi 15. Kupanda kwa muda mfupi si sawa na wastani wa siku nzima, na makadirio yetu ya moja kwa kumi yanaweza kuwa juu au chini ya hali halisi. Ila yanatosha kuonyesha kwamba karani hana pua kali. Ana pua ya kawaida iliyokaa mahali pabaya kwa saa nane.

Swali la "kidogo tu"

Katika kila kisa cha namna hii hutokea mtu akauliza: moshi kidogo hivyo utamdhuru nani? Ni swali la haki, na lilichukua muda kujibiwa. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 wasiovuta kwa miaka 14, akaonyesha kwamba wale walioolewa na wavutaji walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na hatari ilipanda kadiri mume alivyovuta zaidi. Alipingwa vikali. Utafiti ukarudiwa kwingine, na mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, likauweka moshi wa wengine kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kumpa binadamu saratani. Mwaka 2006 ripoti ya Daktari Mkuu wa Marekani ikasema hakuna kiwango cha moshi huo kisicho na hatari. Una kemikali zaidi ya 7,000, na zisizopungua 69 kati yake zinajulikana kusababisha saratani.

Hata hivyo, kwa karani wetu saratani ni habari ya mbali. Mwenye pumu hasubiri miaka ishirini: njia zake za hewa hubana ndani ya dakika. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo, damu huanza kuganda kwa urahisi zaidi ndani ya muda mfupi. Mtoto mchanga anayeletwa mapokezi mgongoni mwa mama yake hupumua haraka kuliko mtu mzima, na hana uwezo wa kuhama kiti. Hao watatu ndio wa kufikiriwa unapopanga mlango wa jengo. Yule kijana mwenye afya anayesema "mimi hainisumbui" si kipimo.

Sheria nayo? Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, uliopitishwa mwaka 2003 na kuanza kutumika Februari 2005, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 8 kuwalinda watu dhidi ya moshi kazini ndani ya majengo, kwenye vyombo vya usafiri wa umma, katika maeneo ya umma yaliyofunikwa na, "inapofaa", katika maeneo mengine ya umma. Ireland, Machi 2004, ilikuwa nchi ya kwanza kupiga marufuku kabisa uvutaji katika sehemu za kazi zilizofungwa, baa zikiwemo, na nyingi zimefuata. Lakini kisa chetu kinaishi ndani ya neno hilo "inapofaa". Baadhi ya sheria zimelipatia neno hilo vipimo. Ile ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuvuta hata nje, ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma. Nyingine zinaishia kizingitini. Pale sheria inapoishia kizingitini, mita kumi za kwanza za nje zinabaki mikononi mwa msimamizi wa jengo na adabu za watu, na ni katika mita hizo ambamo malalamiko ya namna hii huzaliwa. Kabla ya kupanga lolote, soma sheria ya mahali ulipo; kama inataja umbali, huo ndio wa kuanzia.

Yaliyojaribiwa yakashindikana

Msimamizi wetu hakukaa bure. Kwanza alibandika ilani mbili kwenye kioo: "Hairuhusiwi kuvuta sigara hapa." Zilidumu wiki moja kabla ya kugeuka sehemu ya ukuta. Sababu ni nyepesi: ndoo ilibaki palepale. Karatasi inasema usivute, ndoo inasema karibu, na macho ya mvutaji huiona ndoo kwanza. Ilani pia ilisema pasiporuhusiwa bila kusema panaporuhusiwa, kwa hiyo mgeni asiyejua jengo alibaki na chaguo la kutii bila kujua aende wapi au kujifanya hakuona. Wengi walijifanya hawakuona.

Akaleta feni ya kusimama na chupa ya manukato ya kupuliza. Feni haisafishi hewa, inaichanganya. Moshi uliokuwa mlangoni ukasambazwa chumba kizima kwa usawa. Manukato yaliongeza kitu kingine cha kumbana mwenye pumu. Mashine ya kusafisha hewa yenye kichujio kizuri ingeondoa chembechembe kwa kiasi, lakini gesi hupita humo isipokuwa kuna tabaka nene la mkaa maalumu, nalo hujaa na huhitaji kubadilishwa. Kununua mashine ili ndoo isisogezwe ni kufuta sakafu huku bomba likivuja.

Jaribio la tatu lilikuwa baya kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndilo linalopendwa: chumba cha kuvutia sigara ndani ya jengo. Stoo ya mita 3 kwa 4, dari mita mbili na nusu, ikawekewa viti na feni ya kutolea hewa. Hicho ni chumba cha mita za ujazo 30. Sigara moja humo, hewa ikiwa imetulia, inaipandisha hewa hadi maikrogramu 300 na zaidi kwa kila mita ya ujazo. Ili asilimia 95 ya moshi itoke, hewa ya chumba inapaswa kubadilika mara tatu nzima. Feni ndogo ikibadilisha hewa mara mbili kwa saa, ni saa moja na nusu baada ya sigara ya mwisho, na sigara ya mwisho haiji, kwa kuwa kila nusu saa anaingia mwingine. Kila mlango unapofunguliwa, ubawa wake unavuta fungu la hewa chafu hadi ukumbini, na mtu anayetoka anaburuta jingine mgongoni. Chama cha kimataifa cha wahandisi wa viyoyozi, ASHRAE, chenye kila sababu ya kupenda kuuza feni, kilikwisha kukiri kwamba njia pekee ya kuondoa hatari ya moshi ndani ya jengo ni kutovutia ndani.

Kisha kuna mtu ambaye hakuna aliyemuuliza: anayesafisha chumba hicho. Anaingia kila jioni, anamwaga majivu, anapangusa meza zenye utando wa kahawia. Utando huo una nikotini, na nikotini iliyoganda kwenye kuta na vitambaa inaendelea kuungana na kemikali za hewani na kutengeneza vitu vinavyosababisha saratani hata kama sigara ilizimwa juzi. Asiyevuta kabisa ndiye aliyepewa kazi ya kupumua ya wote kumi na mmoja.

Hili la kutenga chumba liliwahi kujaribiwa angani. Kwa miaka mingi ndege zilikuwa na safu za wavutaji na safu za wasiovuta katika bomba moja la hewa, na aliyekaa safu ya "wasiovuta" iliyopakana na wavutaji alikaa ndani ya moshi wa jirani zake. Wahudumu wa ndege, ambao hawakuwa na safu ya kukimbilia, walipiga kelele hadi safu zikafutwa.

La nne halikupangwa. Siku moja karani alifungua mlango na kumfokea mvutaji mbele ya wageni: "Hujui kusoma?" Mvutaji akajibu vibaya zaidi. Kuanzia hapo baadhi ya wavutaji walisogea karibu na mlango kwa makusudi. Hakuna anayekubali hadharani kwamba ameshindwa na mtu aliyemfokea mbele ya watu, hata akijua amekosa.

Kuihamisha ndoo

Kilichobaki ni kuihamisha ndoo, na hapo watu huona kazi imekwisha kumbe ndiyo inaanza. Ndoo ikihamishiwa mahali pabovu hurudi yenyewe.

Umbali ni jambo la kwanza. Vipimo vilivyofanywa nje na watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2007 vilionyesha kwamba moshi wa mvutaji mmoja ni mkali sana ndani ya nusu mita, na ukipita mita mbili hivi unashuka karibu na hali ya kawaida. Pia kwamba nje, tofauti na ndani, hewa husafika karibu papo hapo sigara inapozimwa. Ila hiyo ni sigara moja, mahali pa wazi. Watu wanne chini ya paa, mbele ya jengo linalonyonya, ni habari nyingine. Kama sheria haikutaja umbali, tungeanzia mita 10 kutoka mlango wowote, dirisha linalofunguka au tundu la kuingiza hewa ya kiyoyozi, na hilo la mwisho ndilo husahaulika. Tundu la kiyoyozi likivuta moshi, halichafui chumba kimoja. Linausambaza moshi jengo zima. Kabla ya kuchimba chochote, zunguka jengo na chaki, weka alama kila tundu linaloingiza hewa.

Upepo ni wa pili. Mahali pafaapo ni upande ambao upepo wa kawaida unapeleka moshi mbali na jengo, na njia ya kupajua ni kijiti kilekile cha udi, asubuhi, adhuhuri, jioni, siku tatu tofauti. Epuka uchochoro kati ya kuta mbili na ua wa ndani uliozungukwa na kuta: hewa huzunguka humo kama maji kwenye beseni. Epuka njia ya kwenda getini, maana kila apitaye atalazimika kupita ndani ya moshi. Mitungi ya gesi, jenereta na stoo ya mafuta havihitaji maelezo, ingawa ajabu ni mara ngapi wavutaji hukutwa nyuma ya jenereta kwa sababu ndiko kivuli kilipo.

Kivuli chenyewe ndicho cha tatu, na ndipo mipango mingi hufia. Mahali pa kuvutia pakiwa na jua kali, giza, tope au mwendo wa dakika nne, watu hawatakwenda. Mvutaji ana mapumziko ya dakika kumi na tano. Sigara inataka sita, kwenda na kurudi kusizidi nne. Hivyo mita 10 ni za chini, na mita 60 hivi ni za juu kwa jengo la ukubwa huu. Jenga paa la kuezeka juu ya nguzo nne, bila kuta; ukuta mmoja wa kukinga mvua si kosa, miwili inayopakana tayari inakamata moshi. Benchi moja, taa moja. Wapo wanaoona haya ni kuwabembeleza wavutaji. Tunaona ni gharama ya kuwa na mlango safi.

Ndoo iwe ya chuma, mchanga mkavu kina cha sentimita 10 au 15, na uchekechwe kila siku. Ikijaa vipisi, kipisi kipya hulala juu ya vingine na kufukiza vichungi, harufu yake ikiwa mbaya kuliko ya sigara. Usiruhusu karatasi wala vikombe humo; wekea pipa la taka mbali kidogo. Usitumie chungu cha maua badala ya ndoo: udongo wa mbolea ukikauka huweza kufuka kwa saa nyingi baada ya kipisi kuchomekwa, ukawaka usiku wakati hakuna mtu. Vichungi navyo vimetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, havivundi kama karatasi. Vikifagiliwa mtaroni vitakaa.

Siku ndoo mpya inapowekwa, ya zamani iondoke siku hiyohiyo, na sakafu ya kibaraza ioshwe hadi doa la majivu litoke. Mvutaji akiona duara jeusi kwenye zege anajua ndipo pake. Ilani ibadilishwe nayo: badala ya katazo peke yake, mshale na maneno "Mahali pa kuvutia sigara: nyuma ya maegesho, mita 25." Nakala moja iwekwe getini kwa ajili ya wageni, kwa sababu mtu akishawasha sigara amelipia dakika sita na hataki kuzipoteza.

Nani aseme, na aseme nini

Karani asiwe askari wa moshi. Yeye ndiye mwenye kuumia, na mwenye kuumia akipewa kazi ya kukataza, kila katazo lake linasikika kama lawama. Kazi hiyo ni ya msimamizi, na kwa wageni ni ya mlinzi, kwa maneno mafupi ambayo hayamgusi mtu: "Samahani kaka, moshi wa hapa unaingia ndani. Kibanda cha kuvutia kiko kule, nyuma ya magari." Sentensi mbili. Ya kwanza inataja moshi na unakoingia, haimlaumu mvutaji. Ya pili inampa pa kwenda. Aambiwe akiwa peke yake ikiwezekana, na kabla hajawasha. Mtu aliyekwisha kuwasha aombwe asogee, asiamriwe azime. Akiwa ni mzee au bosi, heshima iongezwe na maudhui yabaki yaleyale.

Kwa mvutaji, adabu inayofanya kazi ni ya vitendo vichache. Kuuliza kabla ya kuwasha panapokuwa na mwingine, na kulichukua "hapana" au hata kusita kama jibu kamili, bila kudai sababu. Mwenye mimba ya wiki nane hana wajibu wa kuitangaza ili aachiwe hewa. Kusimama upande ambao upepo unatoka kwa jirani kuja kwako. Kushusha mkono wenye sigara upande usio na mtu. Na baada ya kuzima, kukaa nje dakika mbili kabla ya kuingia kwenye lifti, kwa kuwa mapafu yanaendelea kutoa moshi uliobaki kwa pumzi kadhaa. Nguo na nywele zitabaki na harufu hata hivyo. Hiyo haina dawa ila kunawa mikono, na asiyevuta naye anaweza kuisamehe.

Kwa asiyevuta, kinachosaidia zaidi ni kuelewa kwamba nikotini hupungua nusu mwilini kila baada ya saa mbili hivi. Kikao cha saa tatu bila mapumziko kinamtoa mvutaji akiwa na hasira na haraka, na mwenye haraka huwashia mlangoni. Ukipanga vikao vyenye dakika kumi za mapumziko kila saa moja na nusu, umefanya zaidi ya ilani tano.

Mvua, na dirisha la juu

Wiki ya kwanza mambo hukaa sawa. Yanayoharibika hujulikana mapema. Mvua ikinyesha na paa la kibanda halijaezekwa, wote kumi na mmoja wanarudi kibarazani, na tabia iliyohamishwa kwa mwezi inarejea kwa saa moja; kwa hiyo kibanda kitangulie, ndoo ifuate, kamwe si kinyume. Wenye sigara za kielektroniki hudai kwamba wao hutoa mvuke tu na kibanda hakiwahusu. Mvuke huo una nikotini na chembechembe zake, na hata kama kiwango ni kidogo, kuwabagua kunamlazimu mlinzi abishane mlangoni kuhusu kifaa kilichomo mkononi mwa mgeni. Kanuni moja kwa wote ni nyepesi kusimamia.

Kubwa zaidi ni ofisi ya mkuu, sakafu ya juu, ambaye huvuta kwenye dirisha lililo wazi na kuona hivyo ndivyo kuvutia nje. Upepo ukigonga upande wake wa jengo, dirisha hilo linaingiza hewa, halitoi. Moshi unapita chini ya mlango wake hadi ukumbini. Ukanda wa karatasi ukishikwa pale chini ya mlango utaeleza bila kumwaibisha mtu. Yeye akishuka hadi kibandani mara mbili mbele ya macho ya watu, msimamizi hatakuwa na la kuongeza. Asiposhuka, kila mvutaji atajua kwamba kanuni ni ya wadogo, na ataifuata kadiri anavyoonekana.

Baada ya mwezi, pima tena kwa karatasi na udi kwenye meza ya mapokezi. Kisha kwa wiki mbili mfagizi ahesabu, kila asubuhi kabla ya kufagia, vipisi vilivyo ndani ya mita tano za mlango, aandike namba kwenye daftari la zamu. Vikiwa vitatu au vinne kwa siku, mara nyingi ni vya wageni, na dawa yake ni ilani ya getini. Vikipanda siku za mvua tu, paa la kibanda ni dogo. Vikilundikana pembe ileile kila siku, kuna mtu mmoja ambaye hakuambiwa, au aliambiwa vibaya.